Deadpool wa filamu na Deadpool wa kurasani

Mhariri,

Baada ya kuitazama Deadpool 2, filamu ya mwaka 2018 ya yule shujaa mcheshi wa Marvel, katika banda la video hapa Mwanjelwa, ambako mtafsiri hutia chumvi kuliko Deadpool mwenyewe, nilivirudia vitabu vya katuni vilivyoizaa. Vitabuni, Cable, yule askari atokaye wakati ujao, ni mwana wa Cyclops, kiongozi wa mashujaa wa X-Men; alipelekwa wakati ujao akiwa mtoto mchanga kwa sababu ya virusi vilivyokuwa vikiugeuza mwili wake kuwa chuma. Filamu imeitupa nasaba hiyo yote, ikambakizia mkono wa chuma na uchungu wa baba aliyeuliwa mke na binti. Naona ilifanya vyema, kwani nasaba ile huwachosha hata sisi tuliozoea kuhesabu wajomba.

Ninacholalamikia ni X-Force. Kikosi hicho, ambacho jarida lake lilianza mwaka 1991, kinakusanywa na Deadpool kwa mbwembwe kisha kinateketea karibu chote kinaporuka kwa miavuli. Banda zima lilicheka, nami nikacheka; lakini Shatterstar, mmoja wa wanakikosi hao, niliyemfuata kwa kurasa nyingi, alistahili zaidi ya kukatwakatwa na pangaboi la helikopta.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya