Harambee: Watoto wa Kima Wakaone Vichwa vya Treni vya Kale

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na majirani wote wa shule yetu hapa Kima, kando ya reli ya Mombasa hadi Nairobi,

Kengele ya shule, kama mjuavyo, ni kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye mti nje ya ofisi. Watoto wetu wanaingia darasani na kutoka kwa sauti ya chuma hicho. Treni mpya inawapita kila siku na hapa haisimami. Wamezaliwa kando ya reli, na wengi wao hawajawahi kukanyaga ndani ya behewa. Kamati ya wazazi pamoja na walimu wameamua kwamba muhula huu wanafunzi wa Gredi ya 7 na ya 8 waende Nairobi kwenye Makumbusho ya Reli, na tunawaomba mtushike mkono.

Kwa nini huko? Kwanza, kuna kitu cha Kima kilichohifadhiwa pale. Mnamo Juni 1900 simba alikuwa akiua watu katika stesheni yetu. Msimamizi wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliamua kumvizia akiwa ndani ya behewa lililowekwa kwenye njia ya pembeni, akiwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Usiku Ryall alikuwa zamu, usingizi ukamshinda. Simba akaingia mlangoni, behewa likainama kwa uzito wake, na mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Parenti alikuwa amelala sakafuni, na simba alimkanyaga akimfuata Ryall, kisha akatoka naye dirishani. Behewa hilo lipo Nairobi hadi leo. Wageni hutoka ng'ambo kuja kulitazama, na watoto wa hapa hapa ambako mambo yalitokea wanaisikia habari hiyo kama hekaya ya mbwa mwitu na mwanakondoo. Hilo peke yake lingetosha kukodi basi.

Lakini mwalimu wa sayansi ana sababu zake, na mimi namwunga mkono kuliko hata mwalimu wa historia. Uwanja wa makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1971, una vichwa vya treni vya mvuke ambavyo mtoto anaweza kusimama kando yake na gurudumu likamfika kifuani. Vikubwa kuliko vyote ni vya kundi la 59, aina ya Garratt, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester kati ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34. Kila kimoja kina uzito wa tani zipatazo 252 na urefu unaozidi meta 30, na havijapata kutengenezwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi kwa reli ya upana wa meta moja.

Sasa jiulize: tani 252 zinapitaje kwenye reli nyembamba, yenye kona na milima, kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, bila kuivunja? Bwela, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, limebebwa katikati, na kila upande lina injini kamili chini, yenye pistoni na magurudumu yake. Kwenye kona, injini ya mbele inageuka kivyake na ya nyuma kivyake, na uzito wote unagawanywa kwa ekseli 14. Mtoto akihesabu magurudumu 28 kwa kidole chake mwenyewe, huhitaji kumwandikia ubaoni maana ya kugawa mzigo. Halafu aangalie pistoni ilivyoungwa na fito zinazosukuma magurudumu, aone mahali mvuke ulipoingilia. Kitabuni ni mchoro wa mishale miwili.

Na kuna yale majina. Kichwa namba 5918 kinaitwa Mount Gelai, namba 5930 kinaitwa Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Tayari mwanafunzi mmoja ameuliza kwa nini treni ya Nairobi ipewe jina la mlima wa Upare, na swali hilo limezaa somo zima: jinsi reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilivyounganishwa kuwa shirika moja mwaka 1948, na jinsi ushirika huo ulivyovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na vyake. Vichwa vingine vilipewa majina ya makabila. Namba 2921 ni Masai of Kenya, namba 3020 ni Nyaturu. (Wakamba wenzangu, msinitume kuuliza letu liko wapi. Nitauliza.)

Mzee mmoja wa hapa, mstaafu wa reli, amekubali kusafiri na watoto. Wiki iliyopita alikuja shuleni na nyundo yake ndogo, akaigonga ile kengele yetu, akawaeleza walivyokuwa wakipita chini ya treni wakigonga gurudumu moja baada ya jingine. Chuma kizima hulia kwa muda mrefu. Chenye ufa hutoa mlio mfupi, butu, na behewa hilo haliondoki. Gredi ya 7 nzima ilitaka kugonga. Wazee wenye ujuzi huu wanazidi kupungua, na ningependa watoto wamsikie akieleza huku ameshika gurudumu lenyewe.

Katika mkutano uliopita mzazi aliuliza kwa nini pesa hizi zisinunue madawati. Ni swali la haki. Madawati yamo katika bajeti ya mwaka na hayataguswa. Huu ni mchango wa pembeni, na asiyeuona kuwa wa lazima hatalaumiwa. Ila tukisubiri madawati yatoshe ndipo watoto watembee, hawatatembea kamwe.

Hesabu ni hii. Wanafunzi ni 96. Mabasi mawili, kiingilio, chakula cha mchana na maji vinafika Sh 1,200 kwa kila mtoto, yaani Sh 115,200 kwa jumla. Wazazi wa watoto 38 wamekwisha kulipa. Zimebaki Sh 69,600, na hatutaki kuona mtoto akiachwa langoni huku wenzake wakipanda basi. Ukiweza kumlipia wa kwako na nusu ya wa jirani, utakuwa umetusaidia sana. Mwenye mia mbili alete mia mbili. Mwenye gunia la viazi au debe la maharagwe, jikoni watalipokea kwa mikono miwili, maana chakula tutapika wenyewe.

Kadi za mchango zinapatikana kwa walimu wa darasa na kwa mweka hazina wa kamati. Namba ya kulipia kwa simu imeandikwa kwenye kadi. Tafadhali msiitumie namba nyingine yoyote mtakayotumiwa. Kila shilingi itaandikiwa risiti, na orodha yote itabandikwa ukutani mwa ofisi siku ya mkutano wa wazazi, siku ambayo pia tutafunga mchango na kuthibitisha mabasi. Wanafunzi wa zamani mlio Nairobi, tunawahitaji watu wazima sita wa kutupokea langoni na kuongoza makundi. Mwambieni mwalimu mkuu mapema.

Kamati ya Wazazi na Walimu