Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Kibao cha 50 kimesimama pasipo na watu

Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi,

YAH: MWENDO WA KILOMITA 50 KWA SAA KATIKA VIJIJI VYA KANDO YA BARABARA KUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia nikiwa dereva wa gari dogo ninayesafiri kati ya Dar es Salaam na Iringa mara mbili au tatu kwa mwezi, na pia nikiwa mkazi wa kimojawapo cha vijiji ambavyo barabara hiyo inavipasua katikati. Nyumba yangu iko mita arobaini kutoka ukingo wa lami, nje ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo hakuna haja ya kuniletea rangi nyekundu ya X, ile ya nyumba za kubomolewa. Nakala ya barua hii naielekeza kwa Waziri mwenzako wa Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa sababu vibao viko chini yako na tochi, yaani vipima mwendo vya trafiki, ziko chini yake, na kwa maoni yangu tatizo linaanzia hapo hapo.

Niseme mapema kwamba siombi 50 iondolewe. Wenzangu wengi wenye magari madogo wanalalamika kwamba wanaonewa, kwamba safari ya saa sita imekuwa ya saa nane, na kwamba trafiki wamewageuza kuwa shamba la kuvuna. Sehemu ya malalamiko hayo naielewa, maana hata mimi nimevunwa. Mwaka jana nilisimamishwa na askari aliyenionyesha kwenye simu yake picha ya gari langu, iliyotumwa na mwenzake aliyekuwa amejibanza chini ya mwembe kama kilomita moja nyuma yetu. Tochi ilisoma 63. Nililipa shilingi 30,000 na kununa mpaka Morogoro. Kilichoniudhi hakikuwa fedha, bali kwamba pale nilipopigwa picha palikuwa na pori upande mmoja na mkonge upande mwingine, bila kibanda wala njia ya miguu, ilhali kijiji chenyewe, chenye soko, zahanati na kituo cha bodaboda, nilikuwa nimekwisha kukipita bila kuona askari hata mmoja.

Hasira iliponitoka nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Gari linalokwenda 50 linapita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto anaingia barabarani, anatumia sekunde moja hivi kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha gari, kama breki ni nzima na lami ni kavu, linahitaji mita nyingine kama 14 kusimama. Jumla ni mita 28. Anayekwenda 80 hutumia mita 22 kabla hata hajagusa breki, na kusimama kwake kunafikia mita 57. Tena, na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini, pale ambapo gari la 50 limeshasimama kabisa, gari la 80 bado linapita likiwa na mwendo wa zaidi ya 70. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Mimi nilikuwa na 63. Laiti ningekuwa nao katikati ya soko badala ya kwenye mkonge, ile 30,000 ingekuwa ndogo mno.

Madereva hupenda kuuliza ni nani aliyewaambia watu wajenge kando ya barabara kuu. Jibu ni kwamba, kwa vijiji vingi, ni Serikali. Katika Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya wananchi walihamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika, na vijiji vingi vikapangwa kwa kufuata barabara ili malori, walimu na waganga wafike kwa urahisi. Wazee wetu walioneshwa viwanja kwa mstari, nyumba upande huu, mashamba na maji upande wa pili, na kuanzia siku hiyo kila ndoo ya maji imekuwa ikivuka lami. Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia nayo ni ya mwaka 1973. Kijiji na sheria vimezaliwa pamoja. Tofauti ni kwamba kijiji kimeendelea kukua.

Chukua kijiji chetu. Kibao cha kuanza 50, ukitokea Morogoro, kimesimama mita mia tisa nzima kabla ya nyumba ya kwanza. Nimezipima kwa mita ya gari, kwenda na kurudi. Kwa hiyo dereva anapunguza mwendo, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, haoni mtu, anaudhika, na anapofika kwenye watu tayari ameshaanza kukanyaga mafuta. Upande wa kutokea, kibao cha kufuta 50 kiko mita mia nne kabla ya shule ya msingi, kwa sababu kilipowekwa shule hiyo haikuwapo. Saa moja asubuhi, watoto wenye sweta za kijani wanakusanyika ukingoni wakisubiri mwanya, mkubwa akimshika mdogo kwa mkono, mahali ambapo sheria imetoka kumwambia dereva kwamba sasa yuko huru. Katika kijiji cha pili kutoka kwetu hakuna kibao kabisa. Nguzo ilikatwa usiku, na kila mtu anajua kwamba imeishia kwenye vyuma chakavu.

Katika hali hiyo madereva wamejitungia sheria yao. Anayetoka mbele anakuwashia taa mara mbili, nawe unajua kwamba kuna tochi. Unashuka hadi 50, unampita askari, unamshukuru mwenzako moyoni, kisha unarudi 100. Hakuna anayewasha taa kumwambia mwenzake kwamba mbele kuna shule. Tumefundishwa kumwogopa mwembe badala ya mtoto, na hatukujifundisha wenyewe.

Mabasi yana habari tofauti kidogo. Tangu yafungiwe mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, dereva wa basi anajua kwamba mwendo wake unaonekana njia nzima, si chini ya miti fulani tu, na abiria tunaona mabadiliko. Sisi wa magari madogo hatuna kifaa hicho, na ndiyo maana uzito wote unaangukia kwenye tochi. Wapo pia wenye namba za STL, yaani magari ya Serikali, na wengine wanaojifunga nao kwa nyuma, taa za dharura zikiwaka, wakipita kijijini kama upepo. Nalitaja kwa heshima, lakini nalitaja, kwa kuwa siku msafara wa namna hiyo ukipita, hakuna dereva nyuma yake anayeona sababu ya kushika 50.

Wapo wanaokushauri ushushe vikomo vya mwendo nchi nzima kwa waraka mmoja. Ufaransa ilijaribu jambo linalofanana na hilo tarehe 1 Julai 2018, iliposhusha mwendo kutoka 90 hadi 80 katika barabara za njia mbili zisizo na kizuizi katikati. Wakazi wa vijijini waliona kwamba wameamuliwa na watu wa mjini wanaopanda treni. Hasira hiyo ikachanganyika na ya kodi ya mafuta, kamera nyingi za barabarani zikaharibiwa, na mwaka uliofuata sheria ikaruhusu mikoa kurudisha 90 katika baadhi ya barabara. Namba ilikuwa na mantiki. Watu wa barabara hizo ndio hawakuulizwa.

Kwa hiyo ninaloomba ni dogo na linapimika. Wahandisi wako wa TANROADS, wakala wa barabara, wapite kijiji kwa kijiji katika barabara kuu, wakiwa na mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu, wahamishe vibao viendane na mahali ambapo watu wapo leo, na mbele ya shule waweke 30 kwa saa za kuingia na kutoka. Vibao vitengenezwe kwa malighafi ambayo muuza vyuma chakavu haitamani. Pawepo matuta yenye rangi na yanayotangulizwa na alama, maana tuta lisiloonekana usiku nalo linaua. Ukipita Mikumi, kwa takriban kilomita 50 ambazo barabara inakatiza hifadhi, utakuta matuta na bango la faini ya kila mnyama anayegongwa. Sina kinyongo na twiga. Ningependa tu mwanafunzi wa darasa la pili apate tuta kama lake.

Kwa Waziri mwenzako ombi ni moja: tochi ihamie katikati ya kijiji, na askari akiwa na fulana yake ya kung'aa, aonekane. Akikusanya faini chache kuliko za mwembeni, asihesabiwe kuwa hakufanya kazi.

Kwa upande wetu, mwenyekiti wa kijiji ameahidi kuitoa ofisi yake siku yoyote wahandisi watakapokuja, na vijana wa bodaboda wamekubali kuonyesha sehemu kumi na moja ambazo watu huvuka kila siku. Sehemu mbili kati ya hizo ndizo zilizo ndani ya vibao vya sasa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dereva na mkazi wa kando ya barabara kuu, Mkoa wa Morogoro