Mabwawa ya majumba yaliyofungwa Malindi

Mhariri,

Mimi ni mlinzi wa jumba moja la kifahari hapa Malindi, na mwenyewe hajakanyaga huu mwaka wa tatu. Naomba jina langu ulihifadhi, kwa kuwa kibarua ndicho hicho hicho.

Jumba lina bwawa la kuogelea. Dawa ya maji ilipokwisha haikuletwa nyingine, pampu ikafa, masika yakalijaza. Sasa maji ni kijani kibichi, na ukiinama ukingoni unawaona viluwiluwi. Afisa mmoja wa afya aliwahi kunifundisha kuwatofautisha: wale wanaoning'inia kichwa chini ni mbu wa kawaida, na wale wanaolala ubapa juu ya maji ni Anofelesi, mwenye malaria. Mle wamo wote. Kwa joto letu hili, yai lahitaji wiki moja au mbili tu liwe mbu wa kuruka.

Nyuma ya ukuta huo ndipo tulipopanga chumba. Mke wangu ana mimba ya miezi sita, ya kwanza. Kliniki sina la kuilaumu: neti alipewa bure, na tangu mwezi wa nne wa mimba, kila akienda humezeshwa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, mbele ya muuguzi, kama ilivyoagizwa kwa wajawazito wa Pwani na wa ukanda wa Ziwa. Huyo muuguzi ndiye aliyenitia hofu. Aliniambia mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama huenda asipate hata homa, kumbe damu inampungua na mtoto hashibi tumboni, akazaliwa na uzani mdogo.

Lakini neti ni ya kitandani. Magharibi ikiingia mke wangu yuko nje na jiko lake, na mbu wametoka kwa tajiri wangu.

Nami nina kosa langu. Vijana wa kukagua mazalio ya mbu walishapiga hodi, nikawajibu mwenyewe hayupo, kwani niliagizwa nisimfungulie mtu. Nawajua walinzi wenzangu wengi wa ufuoni, na jibu letu ni moja. Watafiti waliowahi kupima maji ya mji huu waliyataja mabwawa yaliyoachwa kuwa miongoni mwa mazalio ya mbu, kwa hiyo jambo hili si geni kwa wakubwa. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayahesabu maji yenye viluwiluwi kuwa kero ambayo mwenye mahali apaswa kuiondoa. Awe Malindi au awe ng'ambo.

Wazee wa Lamu walitia samaki wadogo kwenye birika za nyumba zao, yaani matangi ya maji, ili samaki hao wale viluwiluwi. Nimewaiga, nimenunua perege kwa pesa yangu. Ila bwawa ni kubwa, na majani yameziba nusu yake.

Ninachoiomba kaunti ni barua yenye muhuri, ya kumlinda mlinzi anayefungua geti, kisha waje na dawa ya viluwiluwi au pampu ya kuyatoa maji. Waje mchana. Funguo ninazo.

Mlinzi,
Malindi