Barua kwa Rafiki Anayeandaa Mkutano Mkuu wa Shirika Lake

Sista mpendwa, rafiki yangu katika Kristo,

Tumsifu Yesu Kristo!

Barua yako nimeipokea kwa furaha, nami nakupongeza kwa dhati kwa kuwa Mama Mkuu na baraza lake wamekukabidhi tume ya maandalizi ya mkutano mkuu wa shirika lenu. Umeniuliza utume wa shirika upyaishwe kwa kuanzia wapi, hasa pale ambapo masista wengi wamezeeka, nyumba zimekuwa kubwa kuliko idadi ya wanaokaa humo, na wasichana wanaoomba kuingia unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, wamepungua mwaka hadi mwaka. Nimeliombea swali hilo kabla ya kushika kalamu. Jibu langu, ambalo naliamini kwa moyo wote, ni kwamba muanze kwa kuuliza mwanzilishi wenu alitumwa kwa nani, na swali la jinsi shirika litakavyoendelea kuwapo lisubiri nyuma ya hilo.

Unajua jinsi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wa Kanisa zima, ulivyolieleza jambo hili katika hati ya Perfectae Caritatis ya tarehe 28 Oktoba 1965. Hati hiyo iliyataka mashirika yarudi daima kwenye chemchemi za maisha ya Kikristo na kwenye roho ya mwanzo ya kila shirika, na wakati huohuo yalingane na hali mpya za nyakati. Mambo hayo mawili yalitajwa pamoja kwa makusudi, lakini katika mikutano mingi huonekana yakigawanywa: kundi moja hushika chemchemi na kutaka ratiba, mavazi na desturi za mwanzo zirudi kama zilivyokuwa, na kundi jingine hushika nyakati na kupendekeza kazi mpya ambazo shirika lolote, hata lisilo la kitawa, lingeweza kuzifanya. Nadhani makundi yote mawili husahau kumtazama mtu yule ambaye mwanzilishi alimwona. Mwanzilishi aliyefungua shule kwa sababu wasichana maskini hawakuwa na pa kusoma, karama yake, yaani kipaji alichopewa na Roho Mtakatifu, haikuwa majengo wala mitihani, bali uwezo wa kumwona msichana aliyeachwa nje wakati wengine walimpita. Ikiwa leo serikali imemjengea shule msichana huyo, shirika linapaswa kuuliza ni nani sasa ameachwa nje, kwa maana huenda yuko kambini akiwa mkimbizi, au mikononi mwa wafanyabiashara ya binadamu, na huko hatufikii kwa kulinda tu kile tulichokirithi.

Katika siku hizi nimekuwa nikimrudia Mtakatifu Teresa wa Avila. Aliishi zaidi ya miaka 20 katika monasteri kubwa ya Wakarmeli ya Umwilisho mjini Avila, yenye watawa zaidi ya 100, ambamo waliotoka katika familia tajiri walikuwa na vyumba vyao vya kifahari, huku wengine wakikosa hata chakula cha kutosha. Tarehe 24 Agosti 1562 alianzisha monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu pamoja na wanovisi wanne tu, akitaka sala, ufukara wa kweli na udada usio na vyeo. Halmashauri ya mji ilimpinga hadi kufungua kesi. Miaka 15 baadaye, mshirika wake katika kazi hiyo, Mtakatifu Yohane wa Msalaba, alikamatwa na Wakarmeli wenzake na kufungwa gerezani huko Toledo tangu Desemba 1577, mpaka alipotoroka Agosti 1578. Nakuandikia haya, dada yangu, ili usije ukashtuka pale ambapo upinzani utatoka kwa masista mnaosali nao kila alfajiri katika kikanisa kimoja, na tena watu wema. Teresa aliaga dunia mwaka 1582 na Yohane mwaka 1591, nao Wakarmeli Peku, yaani tawi lililotokana na upyaisho wao, walipata kuwa shirika linalojitegemea mwaka 1593 tu. Wote wawili hawakuliona tunda hilo.

Umetaja pia Wajesuiti, shirika la kitawa la wanaume, ukasema kwamba idadi yao ilishuka licha ya jitihada zao zote. Ni kweli: mwaka 1965 walikuwa zaidi ya 36,000, na sasa wako chini ya 15,000. Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba idadi ndiyo kipimo cha upyaisho, kwa sababu ni katika miaka hiyohiyo ya kupungua ambapo mkutano wao mkuu wa 32, wa mwaka 1974 hadi 1975, ulitamka kwamba huduma ya imani haiwezi kutenganishwa na kutetea haki, na ni mwaka 1980 ambapo mkuu wao, Padre Pedro Arrupe, aliguswa na mateso ya Wavietnamu waliokuwa wakikimbia kwa mashua baharini, akaanzisha huduma kwa wakimbizi ambayo imeenea katika nchi nyingi. Mwaka 2019, baada ya mang'amuzi marefu, yaani kutafuta mapenzi ya Mungu kwa sala na mazungumzo, yaliyowashirikisha ndugu katika jumuiya zao, walichagua vipaumbele vinne vya kuwaongoza kwa miaka 10, na Baba Mtakatifu Fransisko, alipovithibitisha, alisisitiza kwamba cha kwanza, yaani kuwaonyesha watu njia ya kumwendea Mungu, kinadai uhusiano wa Mjesuiti mwenyewe na Bwana katika sala. Ningependa tume yako ilitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko takwimu za kanda zenu.

Kuhusu namna ya kukusanya maoni, nakusihi uisome tena kanuni ya 631 ya Sheria za Kanisa, ambayo inautaja wajibu wa kulinda urithi wa shirika na kukuza upyaisho unaoendana nao, kisha inatamka kwamba si kanda na jumuiya tu, bali kila mtawa anaweza kuuandikia mkutano mkuu kwa uhuru. Basi, wasikilizeni wagonjwa na wazee katika nyumba yao ya mapumziko, tena kwa kwenda kuketi nao badala ya kuwapelekea dodoso, kwa kuwa wapo kati yao waliofundwa na masista wa kizazi cha mwanzo na wanaweza kuwaeleza ni furaha gani iliwafanya wengine waache kila kitu. Wasikilizeni wanovisi vilevile, kabla hawajajifunza kusema yale ambayo walezi wanapenda kuyasikia.

Limebaki suala la majengo na taasisi, na hapo ndipo naona mtaumia zaidi. Kukabidhi hospitali kwa jimbo au shule kwa walei si kushindwa, mradi wanaokabidhiwa wameandaliwa mapema na wafanyakazi hawaachwi gizani. Lakini msiliache uamuzi huo mikononi mwa mhasibu peke yake, wala msiufanye kwa sababu fedha zimekwisha. Ufanyeni mapema, mkiwa bado mna masista wenye nguvu za kutumwa mahali pengine.

Umesema rasimu ya hati ya kazi itakuwa tayari kabla ya Majilio. Naomba unitumie sehemu inayohusu taasisi kabla haijapelekwa kwa watafsiri, nami nitaisoma kwa makini na kukurudishia maoni yangu bila kuchelewa. Ninakutaja wewe na tume yako katika masifu ya jioni.

Dada yako katika Kristo