Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wavuvi na Wakulima wa Mwani

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na habari ya injini ya boti tutaijadili baada ya chai. Mimi nina la samaki kikande.

Wengi wetu tumekua tukimdharau. Ngozi ngumu kama ya ngoma, bei ya chini. Akiingia kwenye dema, mtego wetu wa kusuka, huwa kitoweo cha nyumbani. Mimi mwenyewe nimewamaliza wengi. Kumbe ndiye anayewala wale wanyama wa miiba wa mwambani, duara kama mpira. Kaskazi iliyopita, maji yametulia, nilivaa miwani nikamtazama ndani ya tengefu, sehemu yetu isiyovuliwa: akampulizia maji mwenye miiba mpaka akapinduka, kisha akamtafuna kwa chini, ambako miiba ni mifupi. Watafiti wameliona hilo kwa miaka katika hifadhi za bahari za hapa Kenya: pasipovuliwa, kikande huongezeka na wa miiba hupungua. Ila kikande harudi upesi.

Nje ya tengefu mnajionea. Wa miiba wamejaa, kila mmoja na kishimo chake, wanakwangua mwani pamoja na jiwe lenyewe, tumbawe changa halipati pa kushika. Kwingine ni kinyume: pono na tafi tumewamaliza, na mwani umefunika matumbawe yaliyokufa kwa joto la 1998.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kila dema jipya liwe na mwanya wa vidole viwili, samaki wadogo watoke. Kikande hapiti hapo, ana mwili mpana. Akikutwa hai, arudishwe kwa mkono. Mtaniuliza nani atamwona mvuvi akiwa peke yake mwambani. Hakuna.

Juya, wavu wa kukokota, limepigwa marufuku tangu 2001, na bado mwaka huu limekokotwa usiku ndani ya tengefu, mara mbili. Wahusika tunawajua, wengine ni wapwa zetu. Wazee wanalishughulikia.

Akina mama wamelalamika kwamba tafi wanakula spinosum changa, mwani wanaoulima, kwenye kamba. Wana haki, maana tafi hao tumewalea sisi ndani ya tengefu. Napendekeza kamba za karibu na mwamba zisogezwe mchangani, na madema mawili yategwe kando ya shamba. Tafi watakaoingia wawe wa wakulima, si wa wavuvi. Anayepinga aseme sasa, kabla chai haijaletwa.