Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: askari wa akiba aambiwe ukweli kabla ya kutia saini

Mheshimiwa Waziri,

Vita vinapoanza, watu hujitokeza. Septemba 1914 pekee, zaidi ya watu 450,000 walijiunga na jeshi la Uingereza kwa hiari. Februari 2022, raia wa Ukraine walipanga foleni wakitaka silaha. Foleni za namna hiyo huwapa viongozi imani kwamba moyo wa wananchi hautachoka. Lakini kufikia Januari 1916 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuwaingiza watu jeshini kwa lazima, na Aprili 2024 Ukraine ilishusha umri wa kuitwa vitani kutoka miaka 27 hadi 25. Uzalendo haukuwa umekufa. Vita vilirefuka, majeneza yakarudi, na waliokuwa tayari kwenda walikwisha kwenda.

Nakuandikia kwa sababu wizara nyingi, zikifika hapo, huona maoni ya umma kama kasoro ya matangazo. Tazama Marekani. Mwaka 2005, vita vya Iraq vikiwa katika mwaka wa tatu, jeshi lake la nchi kavu lilitaka askari wapya 80,000 likapata kama 73,000. Wazazi wengi hawakutaka watoto wao wajiunge. Mwaka uliofuata bonasi ziliongezwa na ukomo wa umri ukapandishwa hadi 42. Malengo yalifikiwa, ndiyo, lakini shaka ya wazazi kuhusu vita vyenyewe haikujibiwa na bonasi.

Mzigo wa kipindi hicho uliwaelemea sana askari wa akiba, na hao ndio wanaoniuma zaidi. Huyu ni muuguzi, fundi au mwalimu aliyekubali mafunzo ya wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Anapoitwa, zamu yake inabaki wazi, na mwenzi wake anabaki na watoto. Akirudi, akaitwa tena, mwajiri anaanza kuhesabu hasara hata kama sheria inailinda ajira yake. Wengine walizuiwa kuondoka jeshini ilhali muda wa mkataba wao umekwisha. Sheria iliruhusu. Mimi nasema haikuwa haki, na jirani aliyeyaona hayo hatamshauri mwanawe ajiunge.

Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliujua uzito huu. Wakati wa vita vya Vietnam alikwepa kuwaita askari wa akiba kwa wingi, akategemea vijana walioingizwa kwa lazima, maana kumwita mtu wa akiba ni kuufanya mtaa mzima uulize: vita hivi ni vya nini? Swali hilo ni haki ya wananchi. Serikali inayoogopa kuulizwa haina budi kujipima kabla ya kutuma mtu. Urusi ilipotangaza kuwaita watu 300,000 Septemba 2022, baada ya miezi saba ya kuwaambia raia kwamba vita vyake Ukraine ni operesheni maalumu tu, maelfu kwa maelfu walikimbilia mipakani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba mkataba wa askari wa akiba uandike wazi idadi ya juu kabisa ya miezi anayoweza kutumwa, na muda wa mapumziko kabla ya kuitwa tena. Kuongeza muda huo kuhitaji kura ya bunge, wala si waraka wa wizara. Walioitwa zaidi ya mara moja wahesabiwe, na hesabu itangazwe kila mwaka, hata ikiwa inaaibisha. Na anayekaa meza ya kuandikisha asiruhusiwe kumwambia kijana kwamba akiba haiendi vitani.

Naomba jibu lako kwa maandishi, mbele ya bunge, kabla ya tangazo lijalo la kuandikisha askari.

Wako,
Raia mwenye ndugu katika jeshi la akiba