Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC): tuonesheni The Prisoner

Ndugu Mkurugenzi, assalaam alaykum.

Haja yangu ni moja. Shirika linunue The Prisoner, tamthilia ya Uingereza ya mwaka 1967, vipindi 17 tu, itiwe sauti za Kiswahili na irushwe baada ya Isha. Sauti, si maandishi chini ya picha. Wazee wa barazani kwetu Wete hawatavaa miwani kwa ajili yangu.

Jasusi anaacha kazi. Akiwa anafunga mizigo anapuliziwa dawa ya usingizi, anazindukana katika kijiji kizuri kando ya bahari: maua, bendi, watu wanaamkiana kwa tabasamu. Jina hana tena, ni Namba Sita. Kamera ziko kila pembe, na anayetoroka hufukuzwa na puto kubwa jeupe. Mkuu wa kijiji, Namba Mbili, hubadilishwa karibu kila kipindi. Swali halibadiliki: kwa nini uliacha kazi?

Picha zilipigwa Portmeirion, Wales, mahali pa watalii hadi leo, na hapo ndipo visiwa vyetu huniingia akilini. Sisi nasi tunauza tabasamu. Hakuna matata imeandikwa kila fulana. Patrick McGoohan, mchezaji mkuu wa tamthilia hiyo, alionesha kuwa penye uzuri na huduma mtu huona haya kuuliza nani anamtazama. Leo puto la nini? Simu tunaichaji wenyewe, tunaipa alama za vidole, tunaiambia tulipo. Kitambulisho sikipingi, ninacho na kinanifaa. Nataka mtoto wa skuli azoee kuuliza namba yake inasomwa na nani.

Fedha zikiwa haba, nunueni kile kipindi cha uchaguzi tu. Namba Sita anashawishika kugombea. Umati na mabango vinamsubiri kabla hajajinadi. Mwandishi wa gazeti anamhoji, yeye anakataa kujibu, na majibu yanaandikwa vivyo hivyo, matamu kabisa. Anashinda. Anatangaza kwa vipaza sauti kwamba watu wako huru, waende zao, na hakuna anayeondoka.

Hicho kirushwe kabla ya uchaguzi wa 2030, tafadhali, na si saa nane za usiku.

Wako,
Mtazamaji, Wete, Pemba